RSA, Diffie-Hellman, ECDSA: nani akae wapi kwenye grafu ya maarifa?

Ukiwa kafe, ukiona anwani ya tovuti inaanza na "https", jua kuna ufunguo wa umma unafanya kazi hapo. Tatizo watu wanachanganya mifumo yake kama yote ni kitu kimoja. Leo tuipange.

UFUNGUO WA UMMA
Kila mtu ana funguo mbili: wa umma anaugawa kwa yeyote, wa siri anabaki nao. Wazo hili Diffie na Hellman walilichapisha mwaka 1976.

GRAFU YA MAARIFA
Ni vitu vilivyounganishwa kwa mahusiano yenye majina. Wikidata, iliyoanza 2012, ni mfano. Kwa nini isiwe orodha tu? Chukua mkulima wa hapa Ipyana mwenye mpunga na kakao. Ukimwandika kwenye daftari la mpunga peke yake, kakao yake imepotea. Kwenye grafu anapata nyuzi mbili, basi.

MAHUSIANO YA KUWEKA
1. "Hufanya kazi ya". RSA (1977) inaficha ujumbe na pia inasaini. DSA na ECDSA zinasaini tu. Diffie-Hellman haifichi ujumbe wala haisaini, inawasaidia watu wawili kupata siri moja ya pamoja. Hapa ndipo wengi wanakosea.

2. "Hutegemea ugumu wa". RSA: kuvunja namba kubwa kupata namba tasa zilizoizaa. Diffie-Hellman, DSA na ElGamal (1985, kazi ya Mmisri Taher Elgamal): kutafuta kipeo kilichofichwa. ECDSA: tatizo la namna hiyohiyo, ila kwenye pointi za mkunjo wa eliptiki.

3. "Huvunjwa na". Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye nguvu ya kutosha ingetatua matatizo yote hayo.

FAIDA YAKE
Sasa iulize grafu: saini zipi zipo hatarini? Inafuata nyuzi na kujibu: RSA, ElGamal, DSA, ECDSA. ML-DSA, iliyopitishwa na NIST ya Marekani Agosti 2024, haimo, maana inategemea hesabu nyingine, za latisi. Ila ukikosea uzi mmoja tu, unapewa jibu la uongo na mtu anaacha mlango wazi.

Hata kwetu ipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua saini ya kielektroniki. Lakini saini ya kidijitali, ile ya ufunguo wa umma, ni aina mojawapo tu ya saini ya kielektroniki. Usigeuze. Picha ya sahihi yako iliyobandikwa kwenye barua haina ufunguo wowote, mtu yeyote anaweza kuinakili.

Na "https" inalinda njia tu. Tapeli naye anaweza kuwa nayo.

Naomba kuwasilisha. Wewe ungeongeza uhusiano gani wa nne? Toa maoni hapo chini.