Wimbo wa Kijiji Una Mwenyewe



Leo sitaki kuongea juu ya dhahabu ya Namoya wala juu ya barabara. Hayo tunayaongea kila siku. Nataka tuongee juu ya nyimbo. Swali langu ni hili: wimbo ambao watu wanaupenda ukichukuliwa, ukabadilishwa maneno ili uuze kitu, nani alipaswa kuulizwa kwanza? Munaweza kuona ni swali dogo. Mimi naona kipande kikubwa cha historia ya nchi yetu kimo ndani yake.

Tuanzie Kinshasa, wakati ikiitwa bado Léopoldville. Mwaka 1957 Patrice Lumumba aliajiriwa kwenye kiwanda cha pombe. Kazi yake ilikuwa kuitangaza bia ya Polar, na mpinzani wake sokoni alikuwa Primus. Bia iliuzwa kwenye bar, na bar ilijaa juu ya muziki. Katika kazi hiyo Lumumba alijulikana na watu wa mji. Kwa hiyo, hata kabla ya uhuru, pombe, muziki na siasa vilikuwa vimekaa meza moja.

Mwaka 1973 Franco Luambo na kundi lake la TPOK Jazz walitoa wimbo "Azda". Azda lilikuwa jina la kampuni iliyouza magari ya Volkswagen, na waitikiaji wanalirudia jina la gari mpaka linabaki masikioni. Afrika nzima ilicheza, hata watu wasiojua kwamba wanacheza tangazo. Lakini hapa hakuna aliyeibiwa. Franco alitunga mwenyewe, akauza mwenyewe. Wimbo ulizaliwa ukiwa tangazo.

Mambo ya animation yalikuwa tofauti. Miaka hiyo hiyo ya 1970 Mobutu alitembelea China na Korea ya Kaskazini, akaona umati wa watu ukiimba na kucheza kumsifu kiongozi. Akaleta jambo hilo kwetu. Shule, ofisi, makampuni, kila mahali pakawa na kundi la animation. Na nyimbo nyingi hazikutungwa upya. Walichukua nyimbo za asili, hata za kanisa, wakatoa maneno yake, wakaingiza sifa za Rais na za chama cha MPR. Safari hii bidhaa ilikuwa mtu, na mnunuzi hakuwa na ruhusa ya kukataa. Wimbo wa mababu ukasikika redioni umevaa nguo za chama.

Hata wakubwa wa muziki hawakupona. Mwaka 1978 serikali ilimtia Franco gerezani juu ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa chafu. Mwaka 1984 Franco huyo huyo akatoa "Candidat na biso Mobutu", kuwahimiza watu wampigie kura Mobutu katika uchaguzi wenye mgombea mmoja tu. Kila mtu apime mwenyewe njia iliyotoka gerezani mpaka kwenye wimbo ule.

Baada ya Mobutu, pesa ikachukua nafasi ya chama. Wenge Musica ilipopasuka mwaka 1997, JB Mpiana na Werrason wakawa mahasimu, na miaka ya 2000 viwanda vya pombe vikaingia katikati: Bracongo na Skol yake upande wa JB Mpiana, Bralima na Primus yake upande wa Werrason. Shabiki akawa anachagua chupa kama vile anachagua kundi. Tena kuna desturi ya kutupa libanga: ulipe, jina lako litajwe ndani ya wimbo. Wengi wanalaumu. Mimi sina neno kubwa hapo, kwa sababu msanii anajua anachouza na anajua bei yake.

Neno langu ni juu ya yule asiyejua kwamba ameuzwa. Miaka kadhaa iliyopita gari la matangazo lilipita kwetu Salamabila siku ya soko, vipaza sauti juu. Sauti ya wimbo niliijua mara moja: ni wimbo ambao wamama wanaimba wakimsindikiza bibi-arusi kwa mume wake. Maneno yalikuwa mengine, yakisifu kinywaji. Vijana wakacheza. Mama mmoja muuza unga akasema: "Huu tuliimba siku ya kumutoa binti yangu. Leo unamutoa nani?" Kampuni siitaji. Nilimuuliza kijana wa kwenye gari nani alitoa ruhusa. Akanijibu bila ubaya wowote: "Grand, wimbo wa kijiji hauna mwenyewe."

Jibu lile sijalisahau, kwa sababu hata huko ulaya na Marekani wenye nguvu wamewahi kufikiri hivyo, na wakashindwa. Tom Waits, mwanamuziki wa rock wa Marekani, alikuwa na wimbo "Step Right Up" wa mwaka 1976, unaowacheka wachuuzi wa matangazo. Mwaka 1988 kampuni ya Frito-Lay ikatengeneza tangazo la chipsi kwa kuuiga wimbo huo, na kwa kuwa Waits alikuwa anakataa matangazo, wakatafuta mtu wa kuiga sauti yake. Waits akawashitaki. Baraza la mahakama likampa haki mwaka 1990, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikamwachia zaidi ya dola milioni 2. Wimbo wa kuwacheka wachuuzi ulikuwa umefanywa mchuuzi.

Sasa, mutu asiseme nakataza kubadilisha maneno. Wazee wetu walibadilisha siku zote. Ngoma isiyobadilika inakufa. Tazameni Kenya mwaka 2002: watu walichukua wimbo wa kanisani juu ya nguvu ya imani, wakabadilisha maneno wakauimba kumuaga Rais Moi. Hakuna kampuni iliyowatuma. Wenye wimbo ndio walioubadilisha, kwa haja yao wenyewe. Tofauti iko pale: nani amebadilisha, nani ameulizwa, nani amekula faida.

Na sheria tunayo. Ordonnance-loi nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ilitoka chini ya Mobutu yule yule ambaye animation yake ilivaa nyimbo za watu bila kuomba. Tangu mwaka 2011 kuna pia SOCODA, shirika la kukusanya haki za watunzi. Lakini sheria inahesabu miaka toka kifo cha mtunzi, kwa hiyo inataka kumjua mtunzi. Na sisi, pamoja na diploma zetu zote, hatujaandika jina hata moja. Yule kijana alisema wimbo hauna mwenyewe kwa sababu hakuna karatasi inayomwambia tofauti.

Basi kazi ni yetu. Kila mmoja wetu ana simu. Ukirudi nyumbani, kaa na bibi yako, na shangazi zako, rekodi wimbo mmoja. Andika nani anauimba, alifundishwa na nani, kijiji gani, unaimbwa wakati gani. Nyimbo nyingine zitakuwa na mtunzi mwenye jina, pengine bado hai, pengine anauza unga sokoni. Nyingine zitakuwa za kijiji kizima, na kijiji nacho kina chifu, kina wazee, kina mlango wa kubisha hodi.

Siku gari lingine litakapopita, na litapita, tuwe na daftari mkononi.