Mzigo wa Kesi Ulivyomwangukia Mtumiaji

Historia ya programu za kubadilishana mafaili kati ya kompyuta na kompyuta husimuliwa na wapenzi wake kama ushindi wa ufundi: kila iliyofungwa ilizaa nyingine, ngumu zaidi kuizima. Hawasemi uongo. Lakini ukiisoma sambamba na hukumu za mahakama za Marekani, utaona kwamba kila wabunifu walipoondoa sehemu ambayo sheria ingeweza kuikamata, hatari ilihamia kwa mtumiaji wa kawaida, na hakuna aliyemwambia.

Napster ya Shawn Fanning na Sean Parker, iliyoanza 1999, iliacha nyimbo ndani ya kompyuta za watu, ila orodha ya nani ana nini ilikaa kwenye seva za kampuni. Orodha hiyo ndiyo iliyoiponza. Kampuni za muziki zilishtaki Desemba mwaka huohuo, na Februari 2001 mahakama ya rufaa iliona kwamba mwenye orodha alijua kinachoendelea na alikuwa na uwezo wa kukizuia. Julai huduma ikazimwa. Gnutella, iliyotolewa Machi 2000 na Justin Frankel na Tom Pepper, haikuwa na orodha ya pamoja: kompyuta iliwauliza jirani zake, nao wakawauliza wao. Kazaa ikaja 2001, nayo bila seva moja ya kuzima. Aprili 2003 hakimu mmoja wa Los Angeles aliamua kwamba waliotengeneza programu za namna hiyo, Grokster mojawapo, hawakuwajibika kwa makosa ya watumiaji. Mlango huo ulipofungwa, chama cha kampuni za muziki, RIAA, kiliwageukia watu binafsi: Septemba 2003 kiliwashtaki 261 kwa mpigo.

Kuwapata hakukuwa kazi kubwa. Kazaa ilimwonyesha yeyote anayetafuta kilichomo kwenye folda ya pamoja ya mtumiaji, na anwani yake ya IP, namba ya muunganisho wake wa intaneti, iliweza kupatikana. Kwa amri ya mahakama, kampuni ya intaneti ilitaja jina. Sheria ya Marekani inaruhusu fidia ya dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 ikiwa kosa ni la makusudi. Mama mmoja wa Minnesota alitakiwa mwaka 2007 kulipa dola 222,000 kwa nyimbo 24, ambazo zingenunuliwa iTunes kwa senti 99 kila moja. Kesi ilirudiwa, kiasi kikapanda na kushuka, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikarejesha zile 222,000. Wasanii walistahili malipo yao, sina shaka. Adhabu ya kiasi hicho kwa mtu mmoja ni dhuluma.

Wapo watakaosema programu yenyewe si haramu. Ni kweli. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliilinda mashine ya Sony ya kurekodi video kwa kuwa ilikuwa na matumizi halali, na BitTorrent, iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, hadi leo husambaza Linux kwa ruhusa kamili. Hata hukumu ya mahakama hiyohiyo ya 2005, iliyotengua ushindi wa Grokster wa 2003, ilimlenga anayewachochea watu kukiuka hakimiliki, haikuulenga ufundi wenyewe. Lakini uhalali huo humkinga mtengenezaji, haumkingi anayepitisha filamu isiyo yake. Na BitTorrent humweka mtumiaji pabaya zaidi: kwa kawaida anapopakua, papo hapo anawapakia wengine vipande alivyokwisha kupata. Utetezi wa "nilichukua tu, sikugawa" huanguka hapo, hata kama msemaji anauamini.

Wengine hujibu kwamba hayo yamepita, kwa kuwa Desemba 2008 RIAA ilitangaza kuacha kuwashtaki watu kwa wingi. RIAA iliacha, sheria haikubadilika. Wenye filamu waliifuata njia ileile, na kesi zao dhidi ya watumiaji wa BitTorrent zimejaa mahakama za Marekani, huku Ujerumani barua za mawakili wanaodai fidia zikifika nyumbani kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye mkataba wa intaneti, hata kama aliyepakua ni mtoto wake.