Malambo ya zamani Dodoma: tope linavyoyaua, na hatari ya kuziba utoro

Bwawa la Hombolo, kaskazini mashariki mwa Jiji la Dodoma, wageni wengi hudhani ni ziwa la asili. Ni tuta la udongo lililojengwa mwaka 1957. Watu huvua samaki pale, hunywesha ng'ombe na humwagilia bustani na zabibu. Malambo mengine ya Ugogo, kama Ikowa, Matumbulu na Msalatu, nayo yalijengwa wakati wa ukoloni. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kisha mito hukauka.

Adui mkubwa wa lambo ni tope. Watafiti kutoka Sweden na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima malambo manne ya Dodoma na kuchapisha matokeo mwaka 1972. Waligundua kwamba tope linaingia kwa kasi, kiasi kwamba umri wa lambo unahesabiwa kwa miongo tu. Tope hilo hutoka juu, kwenye miteremko iliyolimwa, iliyokatwa miti na kukanyagwa na mifugo. Mvua za kwanza ndizo mbaya zaidi, maana hukuta ardhi ikiwa tupu.

Tope likijaa, kina hupungua na maji hutanda. Hapo jua hupata nafasi: kwa Dodoma linaweza kunyonya karibu mita mbili za kina kwa mwaka. Lambo lenye kina cha mita mbili huenda lisikufikishe Novemba, hata kama kwa macho linaonekana pana. Maji yakienda na jua chumvi hubaki, na Hombolo wakulima wanaifahamu chumvi hiyo.

Maji yakipungua, kijiji hushawishika kuziba utoro, yaani ile njia ya pembeni inayotoa maji ya ziada, kwa mawe au mifuko ya mchanga. Usikubali. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Yakianza kupita hulikata kama kisu, na saa chache zinatosha. Bwawa la udongo lilipopasuka Solai, Nakuru nchini Kenya, usiku wa Mei 9, 2018, baada ya mvua kubwa, zaidi ya watu 40 walikufa.

Kagua tuta kabla ya mvua. Mti mkubwa juu ya tuta si pambo: mizizi ikioza huacha matundu, na maji huyafuata. Mashimo ya panya na njia za ng'ombe nayo yazibwe kwa udongo ulioshindiliwa. Maji yakivuja chini ya tuta yakiwa meupe na hayaongezeki, yafuatilieni kila wiki. Yakitoka na tope, tuta linaliwa kwa ndani: wahamisheni walio bondeni kwanza, kisha pigeni simu kwa mtendaji wa kijiji, RUWASA wilaya na bodi ya maji ya bonde.

Kuchimbua tope hufanyika kiangazi, Septemba au Oktoba, mbali na mguu wa tuta, na bila kutoboa tabaka la mfinyanzi linalozuia maji yasizame. Ni kazi ya gharama. Tope lenyewe lina rutuba, hivyo wenye mashamba jirani wanaweza kulibeba. Lakini kabla ya kukodi mtambo, pandeni majani na kuchimba makinga maji kule juu, na mifugo inyweshwe kwenye mabirika nje ya lambo.