Ngoma Ililia Ziwani

Wahenga wa Unguja walijisifu kwamba zumari ikipigwa kisiwani, watu wa maziwani hucheza. Msemo huo ni wa enzi ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo, ikapitia Tabora, ikakomea Ujiji kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Waliousema walikuwa wakiwaza biashara na utawala, wala hawakujali upande wa pili wa jambo. Je, ngoma ikilia ziwani, nani huisikia? Na aliyeipiga hutajwa kwa jina gani?

Tuanze na neno lenyewe. Sisi wa pwani tukisema ngoma twakusudia chombo, na twakusudia pia mchezo mzima pamoja na waimbaji na watazamaji wake. Kwa Warundi, kaskazini ya Kigoma, ingoma ni chombo na ni ufalme pia. Waha wa Kigoma, ambao Kiha chao na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, nao watawala wao waliitwa mwami. Ngoma kubwa za Burundi huchongwa katika mti uitwao umuvugangoma, yaani mti unaoisemesha ngoma, na zamani zilipigwa kwa heshima ya mfalme na katika umuganuro, sherehe ya kupanda mtama. Novemba 1966 ufalme uliondolewa na jamhuri ikatangazwa. Ngoma zikabaki, na mwenyewe hayupo.

Mwaka uliofuata, 1967, ngoma hizo zilirekodiwa kwa ajili ya Ocora, lebo ya redio ya Ufaransa. Santuri iliyotoka humo ilisafiri mbali kuliko msafara wowote wa Ujiji. Mwaka 1971 mlio wake uliongezewa gitaa na kinanda, ukauzwa Ulaya kwa jina la "Burundi Black". Msanii aliyeandikwa ni "Burundi Steiphenson Black": jina la nchi likashikamana na jina la mtengenezaji, na la mpigaji hata mmoja halimo. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji kutoka Kanada, aliuweka mlio wa ngoma hizo chini ya wimbo wake "The Jungle Line". Miaka ya mwanzo ya 1980 vijana wa bendi za London waliugeuza mdundo huo kuwa mtindo wa mjini.

Hebu tulinganishe na ya kwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri. Naye alirekodiwa na kampuni ya kigeni, na faida kubwa bila shaka haikurudi Ng'ambo alikokaa. Lakini aliyenunua santuri ile alimjua mwimbaji, na baadaye Shaaban Robert aliuandika wasifu wake. Jina ndilo lililoiwezesha historia kumrudia. Mpigaji wa 1967 ametiwa masikioni mwa dunia, ila mjukuu wake hana pa kuanzia akitaka kudai chochote, iwe fedha au heshima.

Atasema mtu kwamba ngoma ya aina hii ni mali ya jamii, haina mtunzi, basi jina la nini? Hoja hii ina uzito. Wapigaji hao hupiga kwa pamoja, na ufundi hupokezwa mwana kutoka kwa babaye. Lakini jamii nayo ina jina, ina kijiji, ina ukoo wenye jukumu la ngoma. Kukosekana kwa mtunzi mmoja hakumpi msafiri ruhusa ya kuwafuta wote.

Ngoma hai, kwa upande wake, imepata misukosuko mingine. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2015 maelfu ya Warundi walikimbilia kijiji cha Kagunga, na meli kongwe ya MV Liemba ikawabeba hadi Kigoma. Katika kambi ya Nyarugusu ngoma zilisikika tena, mbali na ikulu na mbali na wanunuzi wa santuri. Kisha, Oktoba 2017, amri ya serikali mjini Bujumbura iliwakataza wanawake kuipiga ngoma hiyo na kuvitaka vikundi vijiandikishe serikalini. Mlio ulionaswa 1967 unazunguka bila kuulizwa kibali, ilhali mwanamke mwenye mikono na ngoma mbele yake anazuiwa.

Kigoma yenyewe ilijitaja mwaka 2012, wasanii wenye asili ya mkoa huo, wakiwamo Diamond Platnumz, Mwasiti na Linex, walipotoa "Leka Dutigite", maneno ya Kiha ya kuhimizana kujidai. Ni muziki wa kizazi kipya, si ngoma ya wazee, lakini kila sauti ina mwenyewe na lugha ya nyumbani imebebwa kichwani mwa wimbo.

Anayekwenda leo ufukoni na chombo cha kurekodi asiridhike na usafi wa sauti. Aandike nani kapiga, wa kijiji gani, kwa tukio gani, na nani alimfundisha. Washairi wa mwambao walilijua hili zamani: katika beti za tamati mtunzi hujitaja, na aghalabu hutaja mji wake na tarehe. Ngoma za ziwani zinastahili beti hizo, na wa kuziandika wapo wangali hai.