Milpilla: Nyasi ya Manantlán mbele ya mkulima na mtaalamu

Mnamo Januari 1979 jarida la Science lilitangaza spishi mpya ya nyasi: Zea diploperennis, ndugu wa porini wa mahindi, kutoka milima ya Sierra de Manantlán, jimbo la Jalisco, Meksiko. Kwa wakulima wa huko haikuwa mpya. Walikuwa wakiiita milpilla, kijishamba cha mahindi, na kuwalishia ng'ombe.

Rafael Guzmán, mwanafunzi wa Guadalajara, alikuwa akitafuta Zea perennis, iliyodhaniwa kutoweka porini. Mbegu alizopata Manantlán zilipofika kwa mtaalamu wa mimea Hugh Iltis huko Wisconsin, Marekani, zikapandwa, kromosomu zilikuwa 20, sawa na za mahindi. Perennis ina 40. Mkulima asingelijua hilo, na angeilinganisha na nini, ilhali perennis haioti mlimani kwake? Mtaalamu ana sampuli za nchi nyingi mezani. Mkulima ana mlima mmoja, lakini anauona misimu yote.

Katika suala la undugu na mahindi, mkulima alitangulia, kama jina milpilla linavyoonyesha. Tangu 1832 wataalamu waliziweka nyasi za aina hii, teosinte, katika jenasi ya peke yake, Euchlaena, kwa kuwa vijisuke vyake vyenye mbegu chache ngumu havifanani hata kidogo na gunzi. Mwaka 1942 ndipo wataalamu Reeves na Mangelsdorf walipozihamishia Zea, jenasi ya mahindi. Wale wa awali walishikilia suke, wakapuuza mmea mzima, wenye majani na mbelewele kama za mahindi.

Undugu huo una uzito hata kwetu tunaokula ugali: mahindi yanayostahimili gugu la kiduha yamezalishwa na watafiti wa taasisi ya kilimo ya IITA, Nigeria, kutokana na nyasi hii.

Mwaka 1987 Manantlán ikawa hifadhi ya hekta zaidi ya 139,000. Lakini milpilla hustawi penye uwazi, kwenye mashamba yaliyopumzishwa na malisho. Msitu ukijifunga, hufifia. Panga na ng'ombe vimeitunza muda wote. Makala ya 1979 ina waandishi wanne, Guzmán akiwemo, wakulima hawamo. Naona huo ni upungufu wa kisayansi, si wa adabu tu, kwa sababu maelezo ya spishi yanayohesabu kromosomu bila kumtaja anayefyeka yameacha nje sharti la uhai wake.