Vijana wa Harlem Waliohesabu Mabasi

Nikiwa kidato cha pili, inhela yangu ilikaa ofisini kwa matroni, ndani ya kabati lenye kufuli. Sheria ya shule: dawa zote kwa matroni. Usiku mmoja kifua kikafunga saa nane, na ufunguo ulikuwa nyumbani kwake, ng'ambo ya uwanja. Maboi wawili wa bwenini walikimbia kuuleta. Mimi nilikaa kitandani nimeinama, nikivuta pumzi moja moja kama mtu anayehesabu shilingi za mwisho.

Nilipona, ndiyo maana mnanisoma. Lakini swali lilibaki: mbona pumu inachukuliwa kama shida ya mtu mmoja na kabati lake? Kutafuta jibu ndiko kulinifikisha Harlem, New York. Na stori ya huko haianzi na madaktari. Inaanza na majirani waliochoshwa na harufu.

Mwaka 1986 jiji lilifungua mtambo wa maji taka wa North River kule West Harlem, kando ya mto Hudson. Harufu iliingia hadi vyumbani. Watu wakalalamika macho yanawasha, kifua kinabana. Mwaka 1988 wakazi saba walikamatwa kwa kufunga barabara, na mwaka huohuo Peggy Shepard na wenzake wakaanzisha shirika la WE ACT. Walilishtaki jiji, na kesi ikaisha kwa makubaliano yaliyoupa mtaa mfuko wa dola milioni 1.1.

Kisha wakageukia mabasi. Depo nyingi za mabasi ya dizeli za Manhattan zilikuwa zimerundikwa upande wa juu wa kisiwa, kwa Weusi na Walatino. Kila mama pale alijua moshi ule unafanya nini kwa kifua cha mtoto. Sasa jaribu kwenda mbele ya wakubwa na "sisi tunajua tu". Unaambiwa ulete ushahidi. Na hewa ya barabarani pale, kwenye kimo ambacho mtu anaivuta, hakuna aliyekuwa anaipima.

Hapa ndipo panaponipendeza, manze. Kiangazi cha 1996, WE ACT na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliwafunza vijana wa sekondari wa mtaa huo huo. Rika letu kabisa. Wakabeba mabegi mgongoni yenye mashine za kuvuta hewa, wakasimama kwenye makutano manne ya barabara kwa siku tano. Wengine walihesabu: basi, lori, gari dogo, mtu anayepita kwa miguu. Matokeo yakaonyesha masizi kwenye kona mbaya zaidi yalikuwa kama mara nne ya kona iliyo nafuu, na yalipanda kadiri mabasi na malori yalivyozidi. Utafiti ulichapishwa mwaka 2000. Shinikizo liliendelea, na miaka iliyofuata mabasi ya jiji yakahamia dizeli safi zaidi na injini za haibridi.

Lakini kusafisha moshi hakumtibu mtoto ambaye tayari anakohoa usiku. Mwaka 2001, Hospitali ya Harlem na shirika la Harlem Children's Zone walianza kuuliza wazazi, mtoto kwa mtoto, na wakakuta zaidi ya robo ya watoto wana pumu. Robo! Kwa hivyo wahudumu wakaanza kubisha milango. Kwenye meza ya jikoni walieleza kwamba inhela ya kutuliza inafungua njia ya hewa kwa saa chache tu, na ile ya kuzuia ndiyo inayopoza uvimbe ndani, hata siku unajiskia poa. (Mimi hili nililijua nikiwa na miaka kumi na tisa. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nategemea ya bluu peke yake.) Walileta vifuniko vya magodoro vya kuzuia vumbi, wakapambana na mende na ukungu wa ukutani. Landilodi akikataa kurekebisha bomba linalovuja, walikuwa na mawakili wa kumfuata. Wakili, kwa sababu ya kikohozi! Watoto waliosajiliwa wakapunguza kukosa shule.

Najua mtasema Harlem ni Marekani, pesa iko. Kweli. Ila kuhesabu magari kunahitaji kalamu na daftari. Na watu wa kubisha milango tunao: mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii kama 100,000 vifaa vyao, ikiwemo mashine ya presha na ya sukari. Wakifika kwenu kumpima shosho presha, waulizeni pia kuhusu yule mtoto anayekohoa usiku na jiko linalowashwa kando ya kitanda chake. Afrika Mashariki ilipunguza salfa kwenye dizeli mwaka 2015, lakini simama steji saa kumi na mbili jioni, nyuma ya matatu inayonguruma ikingoja kujaa, halafu uniambie.

Mdogo wangu ameingia Gredi ya 10 mwaka huu, bweni. Naye ana pumu. Nimemwandikia mwalimu mkuu barua ya ukurasa mmoja, nikiomba inhela ikae mfukoni mwake, na walau wenzake wawili wa bwenini wafunzwe kuitumia. Wiki ya tatu sasa. Bado nangoja jibu.