Kutoka Kusafisha Filamu hadi Kuchagua Kiwambo: Historia ya Maneno Machache ya Kazi ya Picha

Fundi picha wa Njombe au Makambako anapokwenda kununua chombo cha kompyuta cha kutazamia picha atakazozichapa, hukuta dukani majina matatu: kioo, skrini na monita. Sisi tulio katika kazi ya istilahi tunalo la nne, yaani kiwambo, ambalo limo vitabuni lakini halisikiki sana madukani. Katika makala haya tunakusudia kueleza asili ya majina hayo, na kuonyesha kwamba tatizo la mnunuzi halitokani nayo. Linatokana na maneno makongwe zaidi, hasa rangi na kung'aa.

Kiwambo limetokana na kuwamba, yaani kuvuta kitu kikakaza, kama ngozi juu ya ngoma au kamba katika kitanda. Ni neno zuri, kwani pazia la kuonyeshea sinema nalo huwambwa. Kioo lilistahili wakati vyombo hivyo vilipokuwa chupa nzito za kioo zenye tumbo nyuma. Siku hizi vingi vina uso wa plastiki, lakini jina halikuondoka, na mafundi wa simu wamelitia nguvu mpya. Hatuoni haja ya kuligombania. Skrini nalo limekwisha kupata uraia.

Jambo linalotushughulisha zaidi ni historia ya kazi yenyewe. Enzi za filamu, picha nyeusi na nyeupe iliweza kutengenezwa hapo hapo studio, katika chumba cha giza, kwa kuloweka filamu na karatasi katika dawa na kuzisuuza kwa maji. Ndipo mafundi wakasema kusafisha picha. Hakuna kamati iliyolikalia neno hilo, na hata hivyo limezishinda istilahi nyingi zilizokaliwa. Filamu ya rangi ilikuwa na safari nyingine. Kama ilivyokuwa katika miji mingi midogo, ilipakiwa katika basi kwenda mji mkubwa wenye mashine. Makambako, penye njia panda ya barabara kuu ya Tunduma na ile ya Njombe na Songea, na penye stesheni ya reli ya TAZARA, palikuwa mahali pa kufaa kwa safari hizo. Picha zilirudi na rangi zilizokwisha kuamuliwa na mtu mwingine. Kwa hiyo fundi wetu hakuhitaji maneno ya kuzihukumu rangi.

Baraza lilipoundwa mwaka 1967, kiwambo cha kompyuta hakikuwa suala la fundi picha hata kidogo. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingizwa kwa kompyuta na televisheni Tanzania Bara, zuio lililolegezwa baadaye. Kituo cha ITV kilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kamera zisizotumia filamu zilipoenea katika miaka ya 2000, fundi akawa mwamuzi wa rangi kwa ghafla, akiwa na maneno aliyorithi. Hata leo mteja humpa simu yake na kumwambia, "Nisafishie hizi mbili," ingawa hakuna maji wala dawa.

Sasa tulitazame neno rangi. Kiwambo huonyesha rangi za mwanga: nyekundu, kijani na buluu, ambazo zikichanganywa zote hutoa weupe. Mashine ya kuchapa hutumia rangi za wino, ambazo kila moja hupunguza sehemu ya mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi, na zikizidi kupangana huelekea weusi. Si kila rangi ya mwanga inayoweza kupatikana kwa wino. Kiswahili huviita vyote viwili rangi, bila kosa lolote. Ila mwalimu anayefundisha uchapaji hana budi kusema rangi za mwanga na rangi za wino, la sivyo mwanafunzi atalaumu mashine isiyo na hatia.

Kung'aa ndilo neno la hasara zaidi. Muuzaji husifu kiwambo kwa kusema kinang'aa, na husifu hivyo mambo mawili: mwanga mkali, na uso unaometa. Yote mawili humdhuru fundi picha. Viwambo vingi vipya hutoa kandela 250 au zaidi kwa mita ya mraba, hali kazi ya kuchapa huhitaji takriban 80 hadi 120. Uso wa bibi arusi unaopendeza katika mwanga ule mkali hutoka karatasini umefifia kama jioni; mteja hukataa picha, na karatasi na wino humlipia fundi hasara. Uso unaometa nao hurudisha sura ya mlango na barabara. Njombe, kwenye nyanda za juu zenye ukungu, mwanga wa mlangoni hubadilika mara kadhaa kwa siku moja. Tunapendekeza ukali wa mwanga kwa jambo la kwanza na mmeto wa uso kwa la pili, na kung'aa libaki kwa nyota.

Kurekebisha kiwambo kwa kifaa cha kupimia rangi tungeita kusawazisha, neno ambalo maseremala na waashi wanalo tayari.

Maofisa wa ununuzi nao wanahusika. "Kiwambo chenye ubora wa hali ya juu" si maelezo ya kitu. Afadhali zabuni iseme: kiwambo cha inchi 24, chenye uso usiometa, kisichobadili rangi kikitazamwa kwa upande, kinachoonyesha rangi zote za kipimo cha sRGB cha mwaka 1996, na ambacho ukali wake wa mwanga unaweza kushushwa hadi kandela 100.

Limebaki jina moja. Kati ya wino nne za mashine, nyeusi na manjano hazina shida, na samawati inaweza kuubeba ule wa buluu nyepesi. Wa nne si mwekundu wala si zambarau. Mafundi huuita pinki, lakini pinki ni rangi ya mwanga hafifu na wino huu ni mkali. Kwa sasa tunaandika majenta, kama lilivyo kwenye kopo, na tunangoja maoni ya wachapaji.